Mwaka Niliomuunguza Afande Apio

Mwezi uliopita nilikwenda Busiu kumzika Afande Apio. Chini ya turubai alikaa kijana mmoja, mpwa wa marehemu, akiandika daftarini majina ya waliofika na uhusiano wao naye. Zamu yangu ilipofika akauliza bila kuinua macho: ndugu, jirani, au mlifanya kazi pamoja? Nikamwambia, "Andika Zaituni wa Jinja. Ndiye aliyemuunguza." Akainua macho. Akadhani sikusikia swali, akaliuliza tena kwa sauti ya juu kama watu wanavyowauliza wazee, nami nikamjibu vile vile, kwa sauti ya juu kuliko yake. Mama mmoja mstaafu wa magereza aliyesimama nyuma yangu akamgusa kijana begani. "Andika hivyo hivyo," akasema. "Huyu ndio ile mwenyewe. Marehemu alikuwa naye miaka yote." Kijana akaandika. Sijui hasa aliandika nini, lakini nilipewa kiti cha mbele pamoja na familia, na chakula kilipokuja nililetewa maji ya kunawa kabla ya wakwe.

Siku hizi nina hoteli ya chai na chakula Jinja, si mbali na soko, na wasichana wanaonifanyia kazi wananiita mkali. Waniite watakavyo. Kwangu chai haipiti juu ya bega la mteja. Birika huwekwa mezani, mpini ukiwaelekea watu, mdomo ukielekea ukutani, na anayebeba kitu cha moto hutangaza, hata mteja awe anaongea na simu, hata awe mheshimiwa mbunge. Mmoja wao aliniuliza, "Hajjati, kwani chai ni bomu?" Nikamwambia ndiyo, na aliyelibeba ndiye atakayeulizwa, na baada yake nitaulizwa mimi. Maana kwetu mtu akiungua tunasema pole, tunasema bambi, ile "maskini" ya Waganda, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Maneno yote matatu ni mazuri na nimeyatumia maisha yangu yote, lakini hakuna hata moja linalojibu swali la nani atalibeba jambo lililotokea. Mungu hakushika birika. Hilo nilijifunza nikiwa na miaka kumi na tisa, katika mwaka wangu wa kwanza Mbale, na sikujifunza kwa hiari.

Jinja nilikosa kazi, Mbale nikaipata. Hiyo inatosha kueleza nilivyofika. Mama Khainza, Mgisu mjane wa makamo, alikuwa na nyumba ya malwa pale Malukhu, chumba kimoja kirefu cha mabati, kuta zimepakwa rangi ya buluu hadi kiunoni na kuachwa hivyo rangi ilipokwisha. Wateja wake wengi walikuwa askari polisi na watu wa magereza kutoka Lango, Teso na Tororo, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili cha kambini. Mama Khainza hakukipenda Kiswahili. Kwa watu wa umri wake hiyo ilikuwa lugha ya bunduki, lugha ya mtu anayekugongea mlango na kukuuliza mumeo yuko wapi. Mimi nilikulia karibu na msikiti, nikakisikia kwa wauzaji nguo kutoka Kenya na kwa maalimu, kwa hiyo kwangu kilikuwa lugha ya salamu na bei. Aliponisikia nikizungumza sokoni akanishika mkono papo hapo. "Wewe utaongea na hawa maafande yangu," akasema. "Mimi nitaongea na jiko."

Asiyeijua malwa nimweleze. Ni ulezi uliochachuka, mzito, unaowekwa katika chungu kikubwa katikati ya watu. Unamiminiwa maji yanayotokota, na kila mtu ananyonya kwa mrija wake mrefu, mrefu kiasi kwamba watu kumi hukaa mbali wakizunguka chungu kimoja. Maji yakipungua yanaongezwa mengine, moto kwa moto, hadi ulezi uishiwe nguvu. Kwa hiyo jioni nzima kuna mtu anayepita kati ya vichwa vya watu akiwa na birika la maji yaliyotoka kuchemka, na mtu huyo nilikuwa mimi. Kabla ya kumimina unaita, "Maji!" na wote wanaegemea nyuma. Nyumbani niliwaambia niko kwenye hoteli ya chai. Na nafsi yangu niliiambia kwamba pombe siigusi. Ulezi huweka Mama Khainza, mimi namimina maji tu, na maji ni halali. Nilisema hivyo kila siku nikipuliza mkaa kwenye sigiri, na niliamini kama mtu anavyoamini dawa chungu.

Sitaki kumfanya Mama Khainza shetani. Nililala katika chumba chake cha nyuma, juu ya godoro lililokuwa la binti yake aliyeolewa, na mchana tulikula sahani moja. Alinifundisha kupika malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwa mchuzi mzito wa karanga, na nilipougua malaria alikaa nami siku mbili akiwa amefunga biashara. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa mwembamba na upande wa pili walikaa wanywaji, kwa hiyo hata nikipumzika nilisikia mazungumzo yao yote. Nilijua nani anataka uhamisho, nani amegombana na mkuu wake, nani mkewe amerudi kwao Soroti na masufuria yote. Niliwajua kwa sauti kabla ya kuwajua kwa sura.

Kila chungu kilikuwa na watu wake, na kila kikundi kilikuwa na serikali yake: mwenyekiti, spika, hata askari wa kuwakamata wanaopuliza mrija badala ya kunyonya. Kikundi cha magereza kilikaa mwisho wa chumba, kwenye dirisha, kuanzia saa kumi na moja zamu ya mchana ikitoka. Mwenyekiti wao, sajini mmoja Mprotestanti, hakukubali mrija uguse chungu kabla ya sala. Waliombea wagonjwa, waliombea wafungwa, waliombea wakubwa wao walegee kidogo. Siku moja niliita "Maji!" katikati ya sala, na mwenyekiti akaja kulalamika jikoni kwamba msichana wa Mama Khainza anamkatiza Mungu. Wiki hiyo hiyo wakalalamika pia kwamba baada ya sala wanakaa wakingoja maji, chungu kikipoa. Mama Khainza akatafuta dawa ya malalamiko yote mawili. Akanisimamisha kando ya sigiri na kusema, "Wakiomba usiite. Wewe simama karibu nao na birika, nyamaza. Ukisikia Amina, mimina."

Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa wazi. Kwetu dua ikifika amina watu hupangusa nyuso zao na mambo yamekwisha. Nilifanya hivyo majuma matatu bila tatizo. Lakini katika kikundi kile Wakatoliki walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa likizo, na mwingine, Afande Apio, mara nyingi alikuwa zamu ya jioni. Siku ile alikuwepo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu getini, na alivaa sweta nzito ya sufi kwa sababu mvua ya mlima Wanale ilikuwa imeshuka. Nilisimama nyuma ya bega lake la kulia. Mwenyekiti akasema Amina, wote wakasema Amina, nami nikainamisha birika. Afande Apio alikuwa bado amefumba macho. Mkatoliki hafungi sala kwa amina ya mwenzake. Anafunga kwa ishara ya msalaba. Mkono wake ukaenda kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ukagusa bega la kushoto, na ulipokuwa ukirudi kwenye bega la kulia kiwiko kikatoka nje na kulipiga birika chini ya tumbo lake.

Maji yalimwagika ndani ya mkunjo wa mkono wake na juu ya mapaja. Hakupiga kelele mara moja. Alifumbua macho akaniangalia, kisha sauti ikaja. Wenzake walimvuta sweta, na hilo lilikuwa kosa, maana sufi ilikuwa imeshika maji na ngozi ikaondoka nayo. Mimi nilisimama na birika mkononi. Nakumbuka bado lilikuwa na maji, na nilikuwa nikiogopa kumwagia mtu mwingine, kwa hiyo badala ya kumsaidia nilikwenda kuliweka jikoni polepole, nikalielekeza mdomo ukutani. Niliporudi walikuwa wamekwisha kumpakia kwenye gari.

Kesho yake nilijifunga leso niende hospitali. Mama Khainza akasimama mlangoni. Alikuwa amekwisha kuzungumza na wakili, mtu wa ukoo wa marehemu mumewe. "Usiende," akasema. "Na kama mnakutana njiani, usiseme pole."

"Nisiseme pole?"

"Ukisema pole, wao wataandika kwamba umekubali."

Nilidhani anatania. Kwetu mtu akijikwaa upande wa pili wa barabara unamwambia pole, na wewe hata humjui. Mtu akipiga chafya anaambiwa pole. Mimi nilimchubua mtu ngozi ya mkono nikaambiwa nikae kimya, na nilikaa. Miezi kumi nilikaa. Nimefanya mengi maishani ambayo siyajutii, lakini hilo najuta. Nilikuwa na miguu, hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa, na sikwenda kwa sababu nilikuwa naogopa kupoteza godoro.

Habari zake nilizipata kupitia ukuta. Kikundi kiliendelea kunywa, sasa wakiomba kwa macho wazi, na mwenyekiti alieleza kwamba kidonda kimefunga vibaya. Ngozi ya ndani ya kiwiko imejikunja, mkono haunyooki. Kwenye gwaride wanasema wima, mikono yote inalala kando ya mapaja, na wa Apio unabaki umekunjwa kama wa mtu aliyebeba mtoto. Mkuu amemvumilia, lakini kuna bodi ya madaktari inakuja, na mkono ukibaki hivyo atapelekwa nyumbani. Kuna hospitali Kampala inayoweza kuupasua na kuunyoosha. Hana uwezo huo. Mtu mmoja akasema methali ile ambayo nilikuwa nimekwisha kuisikia mara mia tangu siku ile: maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nikichuja ulezi. Nikawaza kwamba wanaopenda methali hiyo ni wale ambao hawakumwagikiwa.

Basi Afande Apio akashitaki. Hakumshitaki mwingine ila Mama Khainza, mwenye nyumba. Siku karatasi ilipoletwa, wakili wa Mama Khainza alikuja jioni, nao wakakaa chumba cha mbele huku mimi nikiwa juu ya godoro. Nilisikia kila neno. Wakili alisema utetezi wa kwanza ni kwamba chungu ni cha kikundi. Kikundi kina katiba yake, kina mwenyekiti, na kila mwanachama anajua maji ni ya moto. Utetezi wa pili ni kwamba Afande aligonga birika mwenyewe. Lakini utetezi wenye nguvu kuliko wote, akasema, ni msichana. Tajiri hujibu kosa la mtumishi wake alilofanya akiwa kazini. Msichana asipokuwa mtumishi, hakuna cha kujibu. "Ana barua ya kazi?" Mama Khainza akasema hana. "Kuna mahali ameandikwa?" Hakuna. "Basi alikuwa mgeni wako. Alikuja kukutembelea, akasaidia kubeba maji."

Asubuhi yake Mama Khainza alinipikia chai ya maziwa, jambo asilolifanya siku za kazi. "Wewe iko mutoto ya Waislamu," akaanza. "Baba yako anajua iko unafanya kazi kwa malwa? Hapana. Sasa ukisema kwa korti ulikuwa unafanya kazi hapa, gazeti litaandika, watu ya Jinja watasoma. Lakini ukisema ulikuja kunitembelea tu, nani atakulaumu? Wewe umepona, mimi nimepona. Huyo Apio ni mutu ya serikali, serikali itamuona."

Nakiri kwamba nilikubali. Niliitikia kwa kichwa, nikanywa chai yake yote. Lilikuwa pendekezo zuri, na lilinifaa kuliko lilivyomfaa yeye. Lingekwisha hivyo kama Afande Apio asingenijia mwenyewe. Alinikuta kisimani, mchana, akiwa amevaa kiraia, pamoja na wakili wake, mwanamke kijana asiyenizidi sana umri. Nikatua ndoo. Wakili ndiye aliyetaka kusema lakini Afande akamnyamazisha.

"Mutoto, unaitwa nani?"

"Zaituni, Afande."

"Zaituni, angalia." Akakunja mkono wa nguo. Sitaueleza. Akajaribu kuunyoosha mbele yangu, ukafika nusu ukakwama, na mshipa wa shingo ukamsimama kwa nguvu aliyotia. "Mi sitaki maneno mingi. Sitaki Mama Khainza afunge nyumba yake, mi nakunywa hapo miaka sita. Mi nataka mukono yangu. Wanasema wewe hukuwa mufanyakazi. Sasa nani alinichoma? Upepo?"

Nilifungua mdomo niseme pole, nikaufunga. Aliona. Akashusha mkono wa nguo, akaenda zake. Wakili alibaki nyuma kidogo akaniambia taratibu kwamba hawezi kunilazimisha kusema lolote, ila nikiitwa niseme kweli, na kwamba bila mimi hawana kesi. Nilijaza ndoo upya ingawa ilikuwa imejaa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Jinja. Niliamua hivi: kama jambo hili litajulikana, lijulikane kwa mdomo wangu. Baba alikuwa mshonaji wa kanzu, na baada ya Isha alipenda kula bila kuzungumza, kwa hiyo nilisubiri amalize viazi vitamu na samaki, anawe, ashukuru. Mama alipoanza kukusanya sahani nikasema. Nilieleza nyumba ya malwa, birika, sala, mkono wa Afande. Mama aliketi chini na sahani mapajani. Baba aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, "Umeinywa?" Nikasema hapana, wallahi. La pili, "Na huyo mama wa pombe anasema unaweza kuapa kwamba hukuwepo kazini?" Nikasema ndivyo anavyosema.

"Basi yeye ana busara kuliko wewe," Baba akasema. "Nyamaza. Rudi nyumbani kesho. Mambo ya walevi wayamalize walevi."

"Nitaapa, Baba. Na Kurani wataniwekea mkononi."

Hapo ndipo alipokasirika, na Baba akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda. Alisema nikienda kutangaza mbele ya hakimu kwamba binti yake aliuza pombe, nisirudi mpaka aniite. Alisubiri nilie. Nilitaka sana kulia. Lakini kulikuwa na kitu kimeingia ndani yangu pale kisimani, kigumu, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayeokolewa na uongo wa watu wakubwa. Nikamwambia, "Utaniita, Baba." Ilichukua miaka minne, lakini aliniita.

Chumba cha mahakama Mbale kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhania, na kilikuwa na harufu ya karatasi zilizonyeshewa. Mama Khainza alikaa upande mmoja amevaa gomesi yake ya sherehe, na upande wa pili Afande Apio amevaa sare, mkono umekunjwa mbele ya tumbo. Kikundi kizima kilikuja, hata mwenyekiti. Karani alinipa Kurani nikaapa. Wakili wa Afande akaniuliza kama ninamfahamu mama yule mwenye sare aliyekaa pale. Nikageuka nikamtazama.

"Namfahamu," nikasema. "Afande, pole. Pole sana. Nilitakiwa kuja hospitali, sikuja."

Wakili wa Mama Khainza aliruka juu akasema shahidi ajibu maswali. Mama Khainza aliinamisha kichwa. Hakimu, mzee mmoja aliyekuwa akiandika kila kitu kwa mkono wake, alisema jibu limesikika na ataliandika, na nilisikia kalamu ikikwaruza. Kisha nikaeleza siku ile tangu mkaa hadi gari, na nikasema maneno niliyopewa kando ya sigiri: ukisikia Amina, mimina.

Wakili wa Mama Khainza aliposimama hakunifokea. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliokuwa mtego. Aliniuliza mimi ni dini gani. Mwislamu. Dini yangu inaruhusu kuuza pombe? Hairuhusu. Mimi ni mtu ninayeshika dini yangu? Nikasema najitahidi. "Kwa hiyo hukuwa muuza malwa," akasema. "Hukugusa malwa hata siku moja. Ulikuwa unamimina maji tu, ukimsaidia mama aliyekukaribisha kwake. Si ndivyo?"

Ilikuwa sentensi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeisema mwaka mzima mbele ya mkaa, na sasa mtu mwenye tai ananirudishia ikiwa imepigwa pasi. Nilisikia aibu iliyonipanda hadi masikioni, si kwa sababu ya pombe, bali kwa sababu ya kujiona jinsi nilivyojidanganya vizuri. Nikamjibu polepole ili karani atafsiri sawasawa.

"Malwa bila maji ya moto ni ulezi mchachu chunguni. Hakuna anayeweza kuunyonya. Maji ndiyo yaliyokuwa biashara, na mimi ndiye niliyeyabeba, kila siku, kwa kuwa Mama Khainza aliniajiri niyabebe. Nilikuwa muuza malwa."

"Na kwa nini hukuita, kama ilivyo desturi?"

"Kwa sababu nilikatazwa kuita. Lakini sikukatazwa kutazama. Nilisikia Amina nikamimina bila kutazama macho yake. Hilo la kutotazama ni langu, si la Mama Khainza."

Hukumu ilitoka baada ya mwezi. Hakimu alisema chungu kinaweza kuwa cha kikundi, lakini moto, maji na msichana vilikuwa vya nyumba. Anayefanya biashara ya kupitisha maji yanayochemka kati ya vichwa vya watu hawezi kujificha nyuma ya katiba ya wanywaji, wala kumkana mtumishi wake siku ya taabu. Mama Khainza akatakiwa kugharimia matibabu. Hakufunga nyumba, alilipa, na malwa yake iliendelea miaka mingi. Afande Apio alipasuliwa mara mbili. Bodi ilimwacha kazini. Mkono ulinyooka wa kutosha gwaride, lakini haukunyooka wote.

Ninayoikumbuka zaidi, hata hivyo, ni siku ile ya ushahidi, kabla hatujajua lolote kati ya hayo. Nilitoka nje. Mama Khainza alinipita uani, akasimama, akasema kwa sauti ya kuumia, si ya hasira, "Nilikulisha." Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ulinilisha." Akasema mfuko wangu ameuacha kwa askari wa geti. Alikuwa ameubeba tangu asubuhi. Alijua nitakachosema kabla yangu. Akaenda, nami nikabaki nimesimama juani bila kazi Mbale na bila nyumba Jinja, na la ajabu ni kwamba sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na njaa tu.

Afande Apio akaja, buti zake zikisaga changarawe. Nikaanza kusema pole tena. Akainua mkono wa kushoto kunizuia.

"Hiyo nimesikia. Sasa sikiliza. Huko ndani ni mimi na Mama Khainza. Huyo mutu na kalamu atatupatia jibu. Lakini mimi na wewe bado. Si umesema kutotazama ni yako?"

"Ni yangu, Afande."

"Mi siwezi kufua. Siwezi kusonga posho kwa sufuria. Nywele yangu nasukwa na majirani, wamechoka na mimi. Kuja kambini, kuna kitanda ya pili. Utakuwa mukono yangu."

"Mpaka lini, Afande?"

"Mpaka yangu inyooke." Hakutabasamu. Aliangalia ule mkono uliokunjwa kama anayeukadiria, kisha akaniangalia mimi. "Na kama inakataa, mpaka kufa."

Nikasema, "Ndiyo, Afande."